Kuku Ndani ya Jiko la Mama

Kiwanda cha chai nilichokuwa nikifanyia kazi kilipopata mwenyewe mpya, mimi nilikuwa mtunza stoo. Siku ya mwisho niliambiwa nikabidhi funguo kwa bwana mmoja mgeni aliyevaa tai, nikakabidhi. Akaniuliza kama ufunguo wa kabati la vipuri ndio ule wenye uzi mwekundu. Nikamwambia ndio huo. Baada ya miaka kumi na moja, hayo ndiyo yakawa maneno yangu ya mwisho kazini. Sisi tulioondolewa tuliitwa "waliopunguzwa", kama vile tulikuwa maji yaliyozidi kwenye ndoo.

Nikarudi nyumbani Kawetele. Nasema nikarudi, ingawa miaka yote nilikuwa nalala pale. Mtu anayetoka alfajiri na kurudi jioni hajui nyumba yake inakuwaje saa nne asubuhi. Mimi nilianza kujua. Mvua inanyesha taratibu, ile mvua yetu isiyo na haraka, mke wangu yuko kwenye migomba, watoto wako shule, na mimi nimekaa barazani na viatu vya kiwandani, naangalia njia.

Mama alikuwa jikoni kwake.

Jengo lile lilijengwa na marehemu baba nyuma ya nyumba, kwa matofali ya kuchoma, likaezekwa bati, wakati kahawa bado ilikuwa inamlipa mkulima. Alilikusudia liwe ghala la kahawa. Baba alipofariki na kahawa ikaanza kulala kwa miezi bila kuchukuliwa, mama alihamishia mafiga yake upande mmoja wa ghala, na upande wa pili ukabaki na magunia matupu na mashine ya kukobolea iliyoliwa na kutu. Nilipooa na kujenga nyumba ya saruji, nilimpa mama chumba kizuri chenye dirisha la kioo. Alilala humo. Lakini kuishi, aliishi jikoni. Juu ya moto kulikuwa na dari la mianzi jeusi kwa masizi, na humo alianika mahindi ya mbegu na maharage yake. Kuanzia saa nne, kazi za shamba zikishaisha au mvua ikizidi, vikongwe wenzake watatu au wanne walikuja, wakainamisha vichwa mlangoni, wakakaa kwenye vigoda kuuzunguka moto. Walichoma ndizi, wakazungumza Kinyakyusa kile cha zamani ambacho hata mimi kilinipita mahali pengine. Niliwasikia wakicheka. Sikuwahi kujiuliza wanacheka nini.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, kila kitu ruksa. Mjini Tukuyu vibanda vilichipua kando ya barabara kama uyoga, vya mitumba, vya redio, vya chipsi. Ni hivyo vya chipsi vilivyonipa wazo. Kila kibanda kilitaka mayai, na mayai yalitoka mbali. Nikaenda kwa bwana mifugo, mtu mkarimu, akanieleza habari za kuku wa kisasa wa mayai: vifaranga wanatoka Mbeya wakiwa na umri wa siku moja, wanataka joto, ukavu na hewa safi, na baada ya miezi mitano wanataga. Aliniuliza kama nina banda.

"Nina ghala la matofali," nikamwambia.

Sikusema kwamba ni jiko la mama. Kichwani mwangu halikuwa. Lilikuwa ghala la baba lenye mama ndani yake.

Jioni ile nilimwambia mama mpango wangu. Nilimwambia nitachukua ule upande wa magunia tu, nitaweka ukuta wa mianzi katikati, yeye abaki na moto wake. Mama alifurahi. Nataka hilo lieleweke, maana baadaye watu walizungumza kana kwamba nilimpokonya toka siku ya kwanza. Alifurahi kuniona natoka barazani.

"Ukuta wa mianzi utajenga wewe?" akauliza.

"Nitajenga."

"Wewe mianzi huijui. Nitapasua mimi."

Kwa mke wangu, ambaye ni mtu wa Njombe, na kwa wajukuu, mama alisema Kiswahili. Na Kiswahili chake hakikuwa na herufi zedi wala ari. Kazi aliita kasi, baridi aliita balidi. Kwangu alisema Kinyakyusa, na alinisemesha kama bado niko darasa la pili.

Tulijenga kwa wiki tatu. Kwanza nilitoa magunia na ile mashine. Nikachimba sakafu ya udongo, nikamwaga kokoto na saruji nyembamba, nikaiinamisha kidogo kuelekea mlangoni ili maji ya kuoshea yasituame. Nikabomoa matofali kwenye ukuta wa nje nikapata madirisha mawili marefu, nikayaziba kwa wavu wa kuku. Katikati ya jengo nikasimamisha nguzo nne za mlingoti, mkaratusi wetu wa huku, na hapo ndipo mama alipoingia kazini. Alikaa chini na panga, miguu ameinyoosha mbele, akapasua mianzi kutoka ncha hadi ncha bila kuinua uso, vipande vikatoka vyote na upana mmoja. Mimi nilipojaribu, wangu ulipasukia pembeni ukanikata kiganja. Aliniangalia, akacheka kimya kimya, akaendelea. Kisha tukausuka ukuta pamoja, mimi upande wa kuku, yeye upande wa moto, tukipokezana fito katikati ya nguzo. Sijawahi kukaa na mama yangu muda mrefu namna ile tangu nilipokuwa mtoto.

Viota vya kutagia nilivitengeneza kwa makasha ya chai, yale ya mbao nyembamba yenye karatasi ya fedha ndani, ambayo tuliopunguzwa tuliruhusiwa kuchukua. Mlango na maranda nilivipata kwa fundi seremala mmoja wa Ibighi, mzee wa Kiislamu ambaye babu yake alitoka pwani. Alikuja mwenyewe kupachika mlango. Alipomaliza alisimama akautazama ukuta wetu, kisha akautazama moto wa mama unaofuka upande wa pili.

"Huu ukuta ni mzuri," alisema. "Lakini bwana, mianzi haizuii moshi. Kuku na moshi utawaweka vipi pamoja?"

"Moshi unapanda juu," nikamjibu.

Alikusanya vifaa vyake akaenda.

Vifaranga walikuja ndani ya maboksi yenye matundu, juu ya basi. Tuliwazungushia kadibodi, tukawawekea chungu cha mkaa katikati, mama akachungulia kupitia ukuta wake akasema ni kama maua ya maboga. Siku nne walikuwa wazima. Ya tano nilikuta wawili wamelala. Ya saba walikuwa kumi, na waliobaki walipumua kwa kukoroma, midomo wazi. Bwana mifugo alikuja, akaingia, akatoka anafikicha macho.

"Ndugu yangu, hapa huhitaji dawa," alisema. "Chagua. Ama moto ule, ama vifaranga."

Mama alikuwa palepale, upande wa pili wa fito. Kiswahili hicho alikielewa.

Usiku ule mke wangu aliniambia maneno ambayo hajawahi kuyarudia. "Tumsogezee mama jiko. Tumjengee hata kibanda cha mianzi na majani ya migomba, wiki moja kinaisha. Lakini usimzimie moto bila kuwa na mwingine."

"Baadaye," nikasema. "Kwanza vifaranga."

"Mwambie basi wewe mwenyewe."

Sikumwambia. Hili ndilo ninalolieleza kwa shida. Nilisubiri Jumapili. Mama alivaa shuka lake la kanisani akaondoka na wenzake, na alipopotea kwenye kona mimi niliingia jikoni kwake na sururu. Niliyang'oa mafiga, yalikuwa yameshikana na sakafu kwa miaka, ikabidi niyapige. Nikateremsha dari, nikabeba mahindi ya mbegu hadi barazani nikayatandaza kwenye turubai. Nikakwangua masizi ukutani, nikapaka chokaa. Nilifanya kazi kwa haraka na kwa nguvu, na naikumbuka furaha yake, furaha ya mtu ambaye kwa mara ya kwanza baada ya miezi ana kitu cha kumaliza kabla ya saa fulani. Mke wangu aliporudi kutoka kanisani na watoto alipita nyuma ya nyumba, akaona, akaingia ndani bila kunisalimu.

Mama alikuja nyuma yao. Alisimama mlangoni pa jiko akiwa bado na Biblia mkononi. Chokaa ilikuwa mbichi. Aliangalia mahali moto ulipokuwa, kisha juu palipokuwa na dari.

"Mbegu umeweka wapi?"

"Barazani. Juu ya turubai."

"Panya watakula."

"Nitazitundika, mama. Nitakujengea jiko lingine huko nyuma ya migomba. Hili la kuku ni la muda tu, mpaka vifaranga wakue."

"Haya," alisema. Akaenda kukusanya mbegu zake, akaziingiza chumbani kwake, chini ya kitanda, na mahindi mengi yalioza mle kwa unyevu.

Vifaranga walipona. Wakati mwingine nadhani kama wangekufa wote ningekuwa mtu mwenye bahati. Walipona, wakakua, wakahitaji nafasi, nikautoboa ukuta wa mianzi nikaweka mlango mdogo ili wapite upande wa pili. Jengo zima likawa lao. Jiko la nyuma ya migomba nililipima kwa hatua, nikachomeka vijiti vinne ardhini. Vijiti vile vilikaa pale hadi vikaota majani.

Mama alihamia ndani ya nyumba. Jiko la mkaa hakulipenda. Alisema halina mdomo, huwezi kulisukumia kuni ukawa unaongea nalo. Alikaa sebuleni kwenye kochi, miguu haifiki chini vizuri, mikono imelala mapajani. Wenzake walikuja mara mbili. Mara ya kwanza walivua viatu vyenye tope mlangoni wakaingia wakakaa wamebanana kwenye kochi moja, wakajibu maswali ya mke wangu kwa adabu, wakanywa chai kwenye vikombe vya sahani. Hakuna aliyecheka. Mara ya pili walikaa barazani, ukungu ukashuka, wakaondoka mapema. Hawakuja tena. Mama ndiye aliyeanza kwenda kwao, na miguu ilipokuwa inamuuma hakwenda popote.

Ikafika Juni, halafu Julai. Aliyekaa Tukuyu anajua miezi hiyo. Nguo hazikauki, saruji inatoa jasho, mtu anavaa sweta akiwa ndani na bado mikono haishiki vizuri kijiko. Bandani kwa kuku kulikuwa na joto. Maranda yalikuwa makavu, na miili ya kuku wote wale ilitoa joto lake. Siku moja asubuhi niliingia na ndoo ya maji nikamkuta mama amesimama ndani, kwenye ile kona yake ya zamani, mikono ameificha kwenye kanga, kuku wanamdonoa vidole vya miguu. Hakuwa anafanya lolote.

Bwana mifugo alikuwa ameniwekea sheria. Mlangoni kulikuwa na karai la dawa ya kukanyaga kabla ya kuingia, na mtu asiyehudumia kuku asiingie, maana ugonjwa huja na nyayo. Wakati huo kideri kilikuwa kimesikika vijiji vya chini. Niliona miguu ya mama imekauka, hakukanyaga dawa.

"Mama, toka," nikasema. "Bwana mifugo amekataza. Hapa haruhusiwi kuingia mtu."

Mama alilitazama lile karai la dawa.

"Nilidhani mtu ni mtu wa nje," alisema kwa Kinyakyusa. "Kumbe na mimi."

Alitoka taratibu, akishika ukuta ule aliousuka. Mimi nilikwenda nikamimina maji kwenye vyombo vya kuku, nikahakikisha hakuna anayeumwa. Nilikuwa na hasira naye. Nilijiambia watu wazee hawaelewi mambo ya kisasa.

Kuku walianza kutaga Septemba. Nilibeba mayai mjini kwenye makasha, nimeyapanga ndani ya maranda, na wenye vibanda vya chipsi walinisubiri. Watu walionihurumia mwaka mzima sasa waliniita mfugaji. Wengine walikuja kujifunza, nikawapitisha kando ya dirisha, nikawaonyesha mteremko wa sakafu, viota, ukuta. Mmoja alisifu usukaji wa mianzi akauliza fundi ni nani. Nilimwambia nilijenga mwenyewe.

Dada yangu mkubwa, ambaye ni mjane, alikuwa akifanya kazi ya kufua mashuka hospitalini Igogwe, na alikuwa na kijumba na migomba yake jirani na hapo. Alikuja kutusalimia baada ya Krismasi. Alimkuta mama barazani, kajifunika shuka la kitandani, anakohoa kikohozi kidogo kisichokoma. Dada alizunguka nyuma ya nyumba peke yake. Aliporudi hakukaa.

"Jiko la mama liko wapi?" akaniuliza.

"Tumelibadilisha. Nilitaka kumjengea lingine, lakini kazi zimekuwa nyingi."

"Toka lini?"

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai. Dada alimgeukia.

"Toka lini, wifi?"

"Toka Mei," alisema mke wangu.

Dada alimsogelea mama, akachuchumaa mbele yake, akaishika mikono yake. Walizungumza kwa sauti ya chini. Nilisikia mama akisema, "Mwache. Alikuwa hana kasi." Alilisema neno hilo kwa Kiswahili, katikati ya Kinyakyusa, labda kwa sababu kazi ya aina ile niliyoipoteza haina jina katika lugha yake. Kesho yake waliondoka pamoja. Mama alibeba kapu moja. Nilimwambia ni matembezi ya wiki mbili tu, apumzike kifua, karibu na hospitali. Akasema ndiyo, wiki mbili. Sote tulijua.

Aliishi Igogwe karibu miaka minne. Kikohozi kilipona. Dada alikuwa na jiko la nje la mianzi lililokandikwa udongo, la moshi mwingi, na mama alilitwaa mara moja. Ndani ya mwezi mmoja alikuwa na vikongwe wapya. Nilikwenda kumwona nikiwa na trei la mayai. Alinishukuru, "Ndaga, mwanangu," akayachemsha yote, akawagawia wageni wake, akawaambia yametoka kwa mwanawe mfugaji. Hakukuwa na kejeli ndani yake. Ningepata nafuu kama ingekuwepo.

Kuku nao hawakudumu. Mwaka wa tatu yalianza kuingia mayai kwa gari kutoka kwa wafugaji wakubwa, trei juu ya trei, na wenye vibanda vya chipsi wakaacha kunisubiri. Walisema ni biashara, nisichukie. Soko lililonifungulia mlango lilikuwa limefunguliwa kwa kila mtu. Mashudu na dagaa vilipanda, nikapunguza chakula, kuku wakapunguza kutaga, nikawauza wa nyama wawili wawili. Wa mwisho tulimla wenyewe.

Nilipobaki na banda tupu, nilifanya nilichopaswa kufanya kabla. Nilitoa wavu, viota na maranda. Nikaosha sakafu kwa maji ya moto na dawa mara tatu, nikaipasua saruji mahali pale, nikatafuta mafiga mapya mto Kiwira, nikayafukia vizuri. Nikatengeneza dari jipya. Nikaenda Igogwe kumchukua mama.

"Jiko lako liko tayari," nikamwambia.

Alikuja. Dada alitaka kukataa, mama akamnyamazisha kwa mkono. Alifika, akaingia, akasimama. Alipapasa ukuta. Mke wangu alikuwa amewasha moto na kubandika maji. Lakini harufu ya kuku ilikuwa imeingia kwenye matofali, na moto ulipokolea na kuipasha ilitoka kila mahali, kali, ya kuchoma pua. Mama alikaa kwenye kigoda kwa adabu, kama walivyokaa wenzake kwenye kochi langu. Maji yalichemka. Alikunywa chai yake yote.

"Umefanya visuri," aliniambia, kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili, mimi, mwanawe. "Sasa nikae nje kidogo, kifua."

Alikaa nje hadi gari la Igogwe lilipopita, akapanda. Sikumbembeleza. Nilijua namna ya kupasua ukuta na kuinamisha sakafu, lakini la kumwambia mama sikulijua.

Alifariki wakati wa masika, mikononi mwa dada. Tulimleta Kawetele tukamzika karibu na baba, na mvua haikukatika siku zote tatu za msiba. Siku ya kutandua matanga dada alileta kapu la vitu vya marehemu: kanga nne, shuka la kanisani, miwani, Biblia. Ndugu walikuwa wamekaa, wakisubiri akabidhi kwa mtoto wa kiume kama ilivyo kawaida. Dada alisimama na kapu, akanipita pale nilipokuwa nimeinuka na kunyoosha mikono, akaenda hadi nyuma walipokuwa wanawake, akamkabidhi mke wangu.

"Siku ile nilipouliza, wewe ulisema," alimwambia.

Mke wangu alipokea kwa mikono miwili, akapiga goti. Mimi nilibaki nimesimama, watu wote wananiangalia, mpaka mjomba mmoja aliponivuta shati nikakaa.